Bustani ya Shaba Wakati wa Kipwa

Mwezi huu tutatembea mahali ambapo maua yameisha.

Mwenye kutaka maua mu kipwa anaweza kubaki mu mji. Bugenvilia iko nyekundu juu ya kuta za lupango, na pale ambapo mama ana moyo wa kubeba ndoo ya maji asubuhi na jioni, hata roza zipo. Mimi nataka kuwapeleka kwenye bustani isiyo na ukuta, wala ndoo, wala mtu wa kuilima: vilima vya shaba, vya Likasi, Kambove, Fungurume na Kolwezi. Mnavijua. Ukiwa mu gari, unaona pori la miti pande zote, halafu katikati kilima chenye kipara kama kichwa cha mzee. Shaba ikizidi mu udongo ni sumu kwa mizizi ya miti, njo maana miti inasimama chini na haipandi. Yanayopanda ni majani na maua yaliyozoea sumu ile. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 600 za mimea juu ya vilima hivi, na karibu 30 kati yake haioti pengine popote duniani.

Wakati wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, hakuna haja ya kumfundisha mtu kuangalia. Sasa ni kazi ingine. Udongo ni mwekundu hapa, mweusi pale moto ulipopita. Mawe yenye rangi ya majani mabichi yanang'aa kwenye jua, na upepo una baridi. Watoto watakuuliza: "Mama, tuko naangalia nini? Maua iko wapi?" Uwajibu: "Iko chini ya miguu yenu, bana bangu. Mukanyage polepole."

Hutakuwa umewadanganya. Tafuta kwanza vijiti vyembamba vilivyokauka, vimesimama kwa kundi kwenye udongo uliovunjwa-vunjwa. Lile ni ua la shaba. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, ni kusema jina lake la pili ni la Katanga yetu. Halikai mwaka wa pili: linaota na mvua, linatoa maua ya zambarau, linakufa, na mbegu zake zinabaki zikilala mu mavumbi. Watafuta madini wa zamani walilifuata ili wajue shaba iko wapi. Tena wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata na wakakuta mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba karne nyingi mbele ya kompani yoyote. Moto wa wazee ulikwisha kuzimika, lakini ua lilikuwa bado linaonyesha jiko.

Karibu na hapo pengine kuna jamaa moja ya kunde yenye maua manjano, Crotalaria cobalticola. Hii inapenda udongo wenye kobalti, kobalti ile ile ambayo dunia inaikimbilia leo kwa betri za telefone na magari. Mu kipwa hutaiona. Imebaki mbegu tu. Glayole nazo zimeingia chini, kila moja ndani ya kitunguu chake, zinangoja. (Kuna moja wataalamu waliyoipa jina linalotoka kwa Tshombe. Sijui kama yeye mwenyewe alipata nafasi ya kuinusa.) Na kwenye majabali utaona visiki vidogo vyeusi, vigumu, kama ufagio uliochomwa. Wengi wanavipiga teke. Ni Xerophyta, nayo ni nzima kabisa: inaweza kukauka hata mtu aseme imekufa, kisha mvua ikiinyeshea inarudi kuwa na majani mabichi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kipwa, wakati maua yamelala, ndicho kipindi cha kuchimba. Ilikuwa hivyo hata zamani. Monseigneur de Hemptinne aliandika mwaka 1926 juu ya "wala shaba" wa Katanga, namna watu walivyopanda vilimani mavuno yakiisha na mvua zikikatika. Leo pia, mashimo hayajai maji, barabara ni kavu, makamyo yanapita. Kwa hiyo anayekuja kupima kilima, au kukitengea kazi, mara nyingi anakikuta mu siku hizi, na anaandika moyoni mwake: hapa ni patupu. Kumbe bustani yote iko mu udongo wa juu, kina cha mkono mmoja hivi. Wazee walichimba kwa jembe na kuacha vipande, na maua yalirudia hata juu ya takataka zao. Mashine ya leo inafagia udongo ule siku moja na kuuzika chini ya mawe. Mvua ikirudi, hakuna kitu cha kuamka.

Mnielewe vizuri. Siandiki ili mtu aache kutafuta unga wa watoto wake. Jamaa zetu nyingi zinakula kwa shimo, na maua hayajazi sahani ya bukari. Lakini kuna njia ya kuchimba na njia ya kuharibu. Huko Fungurume, ambako kiwanda kipya kilianza kutoa shaba mwaka 2009, wataalamu wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Gembloux, Ubelgiji, walikusanya mbegu, wakahamisha udongo wa juu pamoja na mimea yake, na vipande vya vilima vikawekwa kando. Haitoshi, kwa maoni yangu, kwani kilima kilichohamishwa si kilima tena. Hata hivyo inaonyesha kwamba kuweka udongo wa juu pembeni kunawezekana. Basi kwenye mkutano wa kijiji na watu wa kompani, mzee akiwa anaulizia barabara na visima, aulizie na hilo. Si jambo la kuchekwa.

Na moto, hiyo iko mikononi mwetu wenyewe. Moto wa mwanzo wa kipwa, majani yakiwa bado na maji kidogo, unapita mbio. Ule wa mwezi wa tisa ni mkali, unakuta machipukizi yamekwisha kutoka. Wanaochoma sababu ya panya wa pori wanajua vizuri tofauti yake.

Wa Lubumbashi wasiokuwa na pesa ya gari, nendeni upande wa Penga Penga. Upepo wa kipwa ulipeleka kule moshi wa ile shemine kubwa miaka na miaka, udongo ukajaa shaba, miti ikaisha. Leo ua la shaba linaota pale kama liko kwao. Si bustani ya kujivunia, lakini inafaa kuonwa.

Mkienda, vaeni viatu vilivyofunika mguu, mubebe maji ya kunywa toka nyumbani, na yale ya mashimo mutu asiguse. Ombeni ruhusa kwa mwenye kilima. Msikaribie ukingo wa shimo. Shinkolobwe msifike hata kidogo: kule kuna uraniumu, na serikali ilipafunga mwaka 2004. Mtoto asitie jani wala jiwe kinywani, na mkirudi, mikono ioshwe mbele ya chakula.

Kabla ya kushuka, chagueni kisiki kimoja cheusi na mshike alama yake vizuri, jabali gani, upande gani. Mwezi wa kumi, hata kama mvua haijaanza, mimea yenye mizizi minene inaanza kutoa maua toka kwenye majivu. Rudieni pale pale na watoto wale wale.