Mji Hutembea, Wewe Pima Njia Mapema

Leo baada ya chakula cha mchana hebu waulize wazee wa nyumbani swali moja: walipokuwa vijana, nyumba ya mwisho ya mji wa Kisii ilikuwa wapi? Usishangae wawili wakikupa majibu mawili tofauti. Mji hautulii mahali pamoja. Mji hutembea, ila hatua zake ni za polepole, na aishiye ndani yake hazioni.

Kisii ulianza mdogo kabisa. Mwaka wa 1907 Waingereza walianzisha kituo cha utawala mahali palipoitwa Getembe. Wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Katika sensa ya mwaka wa 2019, mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 110,000.

Je, hatua hizo zaweza kuonekana? Naam. Tangu mwaka wa 1972, setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha kutoka angani. Ukizipanga picha za mahali pamoja kwa kufuata miaka, ni kama kufungua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Mabati na lami huonekana tofauti na mimea, na hapo ndipo mji hujifichua.

Wengi hudhani mji hupanuka kama duara la maji yaliyotupiwa jiwe. Kisii haukufanya hivyo. Uko bondeni, katikati ya vilima, nao umenyoosha vidole kuzifuata barabara: kimoja kuelekea Mosocho kwenye barabara ya Kisumu, kingine Suneka kwenye barabara ya Migori, na kingine Keumbu hadi Keroka. Huko Keroka mji umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimewahi kuvutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Mji haujui mpaka. Hujua barabara tu.

Lakini picha ya angani haisemi yote. Mwaka wa 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu wapatao 958 katika kila kilomita mraba, na Nyamira wapatao 675. Mashambani kwetu hakuna pori tupu linalongoja mji. Kuna boma la mtu, migomba na majani chai. Kwa hiyo mji huingia kupitia mlango wa nyumbani, nao mlango huo ni urithi.

Mambo huenda hivi. Baba mwenye shamba kando ya lami huwagawia wanawe vipande. Mmoja huuza sehemu ya mbele, na mnunuzi hujenga maduka. Nyuma yake huota vyumba vya kupangisha, na nyuma ya vyumba hubaki migomba michache. Kila mtu amefanya la haki katika kipande chake. Lakini kile kijia cha ng'ombe kwenda mtoni ndicho sasa chatakiwa kupitisha gari la zimamoto, bomba la maji na mgonjwa wa usiku. Hakitoshi, na hakuna aliye tayari kubomoa ukuta wake.

Jiji la New York lilikuwa bado dogo mwaka wa 1811 wakuu wake walipochora barabara juu ya mashamba na vilima, miaka mingi kabla ya nyumba kufika huko. Waliharibu mandhari, ni kweli, lakini njia zilitangulia kuta. Hilo halihitaji utajiri mwingi. Lahitaji kuchora mapema.

Wanafunzi, chukueni karatasi na penseli za rangi. Choreni barabara kuu na mito ya mtaa wenu, kwa mfano Nyakomisaro unaopita mjini Kisii. Kisha kwa majibu ya wazee, pakeni rangi moja kwa majengo yaliyokuwapo mwaka wa 1970, nyingine kwa yale ya 1990, na nyingine kwa ya leo. Mwisho, kwa nukta tu, onyesheni mnakodhani mji utafika watoto wenu watakapokuwa shuleni. Mtaiona wenyewe njia ya mji.

Nanyi wazazi, itazameni ramani hiyo kabla ya kumwita mpimaji. Ikiwa shamba lenu liko karibu na lami, au lami yalijia, pimeni njia pana kwanza, kisha ndipo mgawe. Kila mwana atapoteza hatua chache za ardhi, na huenda wengine wakanung'unika. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa kwetu ukuta wenyewe huwa umekwisha kujengwa, tena katikati ya njia.