Njia ipo, pa kupita hakuna
Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Mei 2016, Barabara ya Morogoro ina karibu kila tulichokiomba: mabasi katikati, magari pembeni yake, kisha baiskeli na waenda kwa miguu. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapata hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini hebu pita Manzese jioni. Viatu vya mtumba vimepangwa chini njia nzima, bodaboda anakupigia honi nyuma (kana kwamba wewe ndiye uliyepotea njia!), na mama mwenye ndoo kichwani anashukia kwenye magari. Machinga simlaumu, wateja wake ni sisi. Wachoraji wa awamu zijazo za mwendokasi wamtengee meza kwenye ramani kabla lami haijamwagwa.