Chuo na Uhuru Wake

Chuo cha ualimu cha Chang'ombe kiligeuzwa mwaka 2005 kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzazi ampelekaye mwanawe huko hana budi kuuliza: je, mwanafunzi ataachiwa kusema alionalo kuwa kweli? Swali hili si jipya. Oktoba 1966, wanafunzi zaidi ya 300 wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Aliyewafukuza ni Rais wa nchi, wala si walimu wao.

Serikali itoayo fedha ina haki ya kutaka hesabu. Haina haki ya kuwachagulia wanavyuoni majibu. Mwalimu aliyefunzwa kuitikia tu, atawafunza wana wetu kuitikia.