Bomba la hewa baridi: mwenye pikapu apige hesabu kwanza

Katika gereji nyingi za mijini, vijana wenye Subaru Impreza na Toyota Altezza wana mtindo ambao sasa unaingia hata kwenye magari ya kazi. Wanang'oa boksi la chujio la hewa lililokuja na gari, wanakata bomba la alumini au la plastiki ya maji, wanaliunganisha kwa viwiko vya mpira na klipu, kisha mwisho wake wanafunga chujio lenye umbo la koni nyuma ya bampa. Wanaliita bomba la hewa baridi. Gari likikanyagwa mafuta linanguruma, na mwenyewe anarudi nyumbani akiamini kwamba ameongeza nguvu.

Gazeti hili haliandiki haya ili kuwacheka vijana hao. Wazo lao lina ukweli. Hewa ya moto ni nyepesi. Injini ikivuta hewa ya nyuzijoto 60 iliyojifungia chini ya boneti, badala ya hewa ya nyuzijoto 30 iliyo nje, inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 9. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuungua inapungua, na nguvu nayo inashuka.

Lakini swali la mchumi ni hili: hiyo asilimia 9 inapatikana wapi? Magari mengi yanatoka kiwandani yakiwa tayari yanavuta hewa kutoka mbele, karibu na taa au juu ya rejeta. Ukilifumua boksi hilo na kuacha koni wazi pembeni mwa injini, umeondoa hewa baridi na kuweka hewa ya moto, kisha umelipia mngurumo. Faida, kama ipo, ni kwa yule anayeweka ukuta wa bati kuzuia joto la injini na kuacha njia ya hewa ya nje.

Kuna mengine ambayo fundi wa haraka hayasemi. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana sensa inayopima hewa ndani ya bomba, na vipimo vyake vimepangwa kwa kipenyo cha bomba lile la kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi mahali pa sensa, kompyuta ya gari inadanganywa kuhusu hewa iliyoingia. Chujio la kupakwa mafuta nalo, likipakwa kupita kiasi, huchafua sensa hiyo. Na koni iliyoshushwa chini ya bampa ikizama kwenye dimbwi la masika, injini inavuta maji. Maji hayashindiliki kama hewa. Kinachopinda ni konrodi.

Kwa kijana anayecheza na gari lake siku za Jumapili, hayo ni ya kwake na mfuko wake. Wasiwasi wetu ni kwa mfanyabiashara wa nyanya mwenye pikapu, au mwenye Kirikuu anayetegemea safari mbili kwa siku, anayeambiwa kwamba bomba hilo litamsaidia kupanda mlima na shehena.

Tuchukue injini ya lita 2 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Inavuta takribani lita 2,500 za hewa kila dakika, yaani kama lita 150,000 kwa saa. Kiangazi, nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, hewa hiyo imejaa chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Upenyo mdogo tu kwenye klipu iliyolegea, ukiwa upande wa baada ya chujio, unatosha kula ringi na kuta za silinda. Haionekani wiki ya kwanza. Inaonekana gari linapoanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na wakati huo fundi aliyekata bomba amekwishasahau kama uliwahi kupita kwake.

Kwa pikapu ya dizeli isiyo na tabo hesabu ni mbaya zaidi. Katika injini hiyo nguvu inapimwa na kiasi cha dizeli ambacho pampu inatoa. Ukiongeza hewa kidogo bila kugusa pampu, karibu hakuna kinachobadilika. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anapoteza takribani asilimia 15 ya hewa kwa sababu ya mwinuko peke yake, na bomba la plastiki halimrudishii. Fedha hiyo anunue chujio jipya la karatasi. Kama lazima avute hewa safi zaidi, afanye kama magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990: bomba lilipandishwa pembeni ya kioo cha mbele, juu ya vumbi na maji.

Mahali ambapo sisi tungependa kuwaona vijana hawa wakifanya kazi ni kwenye mashine za kusaga vijijini. Injini ya dizeli imefungiwa chumbani, joto limejaa, unga unaelea hewani na kuziba chujio, moshi unakuwa mweusi kila gunia likimiminwa. Wapo waendeshaji wanaotoa chujio kabisa ili mashine "ipumue". Hapo bomba la hewa baridi lina kazi ya kweli: lipitishwe ukutani hadi nje, mbali na bomba la moshi, mdomo wake uelekezwe chini na uwekwe wavu. Liwe pana kuliko mdomo wa chujio, kwa sababu bomba refu na jembamba linaikaba injini. Na chujio libaki karibu na injini, mwisho wa bomba, si nje ukutani. Kiungo kikivuja njiani, hewa hiyo bado itapita kwenye chujio.

Aliyekwisha kubadilisha anaweza kujipima mwenyewe. Baada ya wiki moja ya kazi, injini ikiwa imezimwa, fungua bomba upande wa baada ya chujio, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, usisubiri mwisho wa mwezi. Rudisha boksi la zamani. Kwa hiyo siku ya kulitoa, usimwachie fundi aliuze kama chakavu. Lifunge kwenye kiroba, uende nalo nyumbani.