UCHAMBUZI: Mizani yapima uzito wa lori, kiungo cha trela chasahaulika

HUKU wengi wakiendelea kusifu lami iliyofika Moyale, kuna kifaa kimoja katika malori yapitayo Isiolo ambacho hakitajwi katika hotuba za viongozi wala katika misako ya polisi wa trafiki. Ni sahani nene ya chuma iliyo mgongoni mwa kichwa cha lori, ambayo watu wa kazi huiita gurudumu la tano ingawa haigusi barabara kamwe. Trela hulala juu ya sahani hiyo, na pini moja iliyo chini ya trela hushikwa na taya zilizo katikati yake.

Pini hiyo, kwa malori mengi, ina unene wa milimita 50.8, yaani inchi mbili. Watengenezaji wanashauri ibadilishwe inapolika hadi milimita 49. Tofauti hiyo haifiki hata milimita mbili, wala jicho haliwezi kuiona. Hata hivyo, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaruhusu lori na trela yake kufikia tani 56, na sehemu kubwa ya uzito huo huburutwa na pini hiyo moja.

Isiolo ni mahali pa kulitafakari jambo hili. Mtaa wa Kiwanjani, uliopata jina kutokana na uwanja wa ndege, umo katika mji ambako safari mbili hutengana: moja ya takriban kilomita 500 kuelekea Marsabit na Moyale, nyingine ya mashariki kuelekea Modogashe, Wajir na Mandera. Lori litokalo Nairobi kupitia Nanyuki hufika hapa likiwa limeteremka kutoka Timau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi mita 1,100 hivi. Katika mteremko huo trela husukuma kichwa kila dereva akanyagapo breki. Kiungo kilicholegea hugonga, na kila kugonga huongeza nafasi ya kugonga tena.

Kabla ya lami, adui mkuu alikuwa vumbi na matuta madogo ya barabara ya changarawe. Grisi ikichanganyika na mchanga hugeuka kuwa msasa, ikasaga sahani na taya badala ya kuzilainisha. Lami ilipofika Merille mwanzoni mwa miaka ya 2010, kisha Moyale kabla ya mwaka 2017 kwisha, mtikisiko ulipungua lakini mwendo ukaongezeka. Trela ikichomoka katika kilomita 20 kwa saa huwa hasara ya tajiri. Ikichomoka katika kilomita 80 huwa msiba wa abiria wa gari linalokuja.

Kosa linalostahili kuzungumziwa zaidi ni la ufundi. Sahani nyingi zina skrubu ya kukaza taya, na fundi anaposikia mgongo huikaza bila kupima ni nini kilicholika. Ikiwa ni pini ya trela, taya zitabana pini hiyo nyembamba vizuri. Kesho yake kichwa kilekile kinapewa trela nyingine yenye pini nzima. Taya hazifungi kikamilifu, na dereva anaondoka akiamini zimefunga. Kuna pia wanaoijaza pini kwa kulehemu kisha kuichonga. Watengenezaji hukataza jambo hilo, kwa kuwa moto wa kulehemu huharibu ugumu wa chuma hicho. (Pini mpya ni ghali, lakini si ghali kuliko trela.)

Nchini Marekani, lori husimamishwa papo hapo iwapo trela inacheza juu ya sahani kwa zaidi ya nusu inchi kwenda mbele na nyuma. Kwetu, magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na mizani ya Mariakani na Athi River hupima uzito wa kila ekseli. Mizani, hata hivyo, haijui kama trela imeshikwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ingeweza kudai kipimo cha pini kiandikwe kwa milimita katika cheti cha ukaguzi, cha trela na cha kichwa kila kimoja peke yake, maana mara nyingi vina wamiliki tofauti na kila mmoja humtupia mwenzake lawama.

Wakati huo, dereva anayelala Isiolo ana njia tatu zisizohitaji cheti: kufunga breki za trela na kujaribu kuondoka polepole ili asikie kama kuna nafasi, kuinama na tochi kuona kama taya zimeizunguka pini yote na kama sahani ya trela imelalia ya kichwa bila mwanya, na kufuta grisi ya zamani kabla ya kupaka mpya. Utingo anaweza kuyafanya yote hayo kabla chai haijachemka.