MVUVI NA KAZI YAKE: Kwenda Dago Mikokoni

Mwezi huu tuzungumze juu ya uvuvi wa pamoja. Watu kadhaa wanachukua mitumbwi yao. Wanaingia katika vijito vya mikoko. Wanalala huko usiku mmoja au zaidi, kisha wanarudi na samaki. Watu wa pwani huita safari hii dago.

Dago ni kazi nzuri. Inaleta kitoweo na fedha. Vijana hujifunza kwa wazee. Lakini dago lisilopangwa huleta msiba. Mtumbwi hupinduka. Maji hupwa na watu hukwama topeni usiku kucha. Au wote hurudi salama, kisha hugombana juu ya mgawo. Kwa hiyo tujifunze namna ya kulipanga.

Mikoko ni nini?

Mikoko ni miti inayoota mahali ambapo maji ya mto na maji ya bahari hukutana. Katika Tanzania msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo uko Rufiji. Hapo Mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa kuwa ardhi oevu yenye maana kwa ulimwengu mzima.

Miti yenyewe ni ya namna nyingi. Mkoko una mizizi mirefu iliyopinda kama miguu. Mchu una mizizi midogo inayochomoza katika tope kama penseli. Samaki wadogo hujificha katikati ya mizizi hiyo. Samaki wakubwa hawawezi kupita humo.

Kamba naye anahitaji mikoko. Kamba hutaga mayai baharini. Watoto wake huja mikokoni wakiwa wadogo sana. Hukaa huko mpaka wakue, kisha hurudi baharini. Basi mtu akikata mikoko ovyo, anavunja nyumba ya watoto wa kamba. Mikoko ni msitu wa hifadhi. Huwezi kuikata bila kibali.

Yajue maji kwanza

Wazee walisema: Maji yakijaa hupwa. Mvuvi wa mikokoni lazima ajue saa ya kujaa na saa ya kupwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 hivi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Maji yakijaa leo saa 10 jioni, kesho yatajaa saa 11 kasoro dakika 10.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa huweza kupita meta 3. Ndani ya vijito, mbali na bahari, saa hizo huchelewa. Waulize wenyeji wa mahali hapo.

Mwezi unapokuwa nusu, maji ni mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana.

Siku za bamvua mkondo katika kijito una nguvu kubwa. Kama kikundi chenu hakikizoei kijito hicho, chagueni siku za kati, baada ya bamvua na kabla ya maji mafu. Ingieni kijitoni maji yanapojaa. Mkondo utawasaidia kupiga kafi. Tokeni maji yanapoanza kupwa. Msingoje mpaka kijito kibaki tope. Tope la mikokoni humzamisha mtu mpaka magotini, na pengine zaidi.

Kabla ya kuondoka

Tuseme mko watu 8 wenye mitumbwi 4. Kila mtumbwi utachukua watu wawili. Fanyeni mambo haya:

1. Kagueni kila mtumbwi. Una ufa? Unavuja? Zibeni kabla ya safari.

2. Kila mtumbwi uwe na makafi mawili, pondo moja, upo wa kutolea maji, nanga na kamba ndefu.

3. Kila mtu awe na jaketi la kujiokolea. Kama jaketi halikupatikana, fungeni madumu matupu yenye vifuniko katika mtumbwi. Dumu tupu huelea, na mtu aweza kulishika.

4. Chukueni maji ya kunywa. Maji ya kijito yana chumvi. Pimeni lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Watu 8 kwa siku 2 ni lita 80. Hayo ni madumu manne ya lita 20, dumu moja katika kila mtumbwi.

5. Chukueni vyandarua, kwa sababu mbu ni wengi. Chukueni viatu pia. Chaza hushika katika mizizi ya mikoko, na gamba lake hukata kama wembe.

6. Tieni simu katika mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri. Kabla ya kuondoka sikilizeni katika redio utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitangazwa kuwa upepo utakuwa mkali, ahirisheni safari. Wakati wa kusi jihadharini zaidi.

7. Andikeni karatasi mbili zilizo sawa. Andikeni majina ya wote, kijito mnachokwenda, siku na saa ya kurudi. Karatasi moja mwachieni mwenyekiti wa kitongoji. Ya pili iacheni nyumbani kwa mmoja wenu. Msiporudi kwa wakati, watu watajua pa kuwatafuta. Hapo ndipo elimu yako ya kusoma na kuandika inapookoa roho za watu.

Mkiwa majini

Mwenye kujua njia atangulie. Anayemfuata kwa ujuzi awe wa mwisho. Wageni wakae katikati. Kila mtumbwi uweze kuuona ule ulio mbele na ule ulio nyuma. Patana juu ya ishara za filimbi. Kwa mfano, mlio mmoja ni kusimama, na milio mitatu ni kuomba msaada.

Mtumbwi ukipinduka, usiuache. Mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji. Ushike, piga filimbi, ngoja wenzako. Watu wengi huzama kwa sababu waliuacha mtumbwi wakajaribu kuogelea mpaka ukingoni.

Katika sehemu za juu za delta ya Rufiji wapo viboko na mamba. Ukiona kiboko majini, usipite kati yake na maji ya kina. Zunguka mbali au rudi. Usioshe samaki ukiwa umesimama ndani ya maji. Wala usitupe matumbo ya samaki karibu na kambi yenu.

Mkifunga mtumbwi kwenye mti, acheni kamba iwe ndefu. Mtumbwi uliofungwa kwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa, utaning'inia maji yakipwa. Vyombo vyote vitamwagika.

Mahali pa kulala patafuteni kungali mchana. Tazameni mstari wa majani na takataka ulioachwa na maji. Mstari huo unaonyesha maji yalifika wapi. Pigeni kambi juu yake. Msiwashe moto chini ya mikoko.

Kuvua kwa akili

Samaki huingia mikokoni pamoja na maji yanayojaa. Hufuata chakula. Maji yakipwa hutoka. Kwa hiyo ukitumia mshipi, kaa karibu na mdomo wa kijito maji yanapoanza kupwa. Hapo samaki lazima apite.

Kama mnatumia wavu, msizibe kijito kizima toka ukingo huu mpaka ule. Acheni njia. Mkizoa wote leo, mtavua nini mwakani? Wavu wenye macho madogo huzoa watoto wa samaki. Mtoto huyo leo hatoshi hata mchuzi. Akiachwa akue, ni kitoweo cha nyumba nzima.

Baruti na sumu ni marufuku kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Hata utupa ni sumu. Sumu haichagui. Inaua samaki mkubwa, mdogo na mayai. Ukimwona mtu anatumia sumu, toa habari kwa kikundi cha BMU cha kijiji au kwa afisa uvuvi.

Kaa wa mikokoni ana bei nzuri. Mgeuze umtazame tumbo. Jike ana kifuniko kipana. Dume ana kifuniko chembamba. Jike mwenye mayai mrudishe majini. Huyo ndiye mbegu yetu. Kaa mliomchukua mfungeni magando, mtieni katika gunia bichi, mwekeni kivulini. Ataishi mpaka sokoni.

Jihadharini na hongwe na taa. Wana miiba yenye sumu. Mtu akichomwa, osha jeraha. Kisha tumbukiza mguu au mkono katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua. Maji ya moto hupunguza maumivu. Baadaye mpelekeni kwenye zahanati, hata kama maumivu yamepungua.

Na bunju msile kabisa. Sumu ya bunju haiondoki kwa kupikwa. Huua mtu.

Samaki mliopata watoeni matumbo, waosheni, wawekeni katika barafu. Kipimo kizuri ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Kama hakuna barafu, wakausheni kwa moshi au watieni chumvi siku hiyo hiyo.

Mgawo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Patana juu ya mgawo kabla ya safari, mwandike, kila mtu atie sahihi.

Tuseme mmepata kilo 40. Kila mtu achukue kilo 1 ya kitoweo. Hizo ni kilo 8. Zinabaki kilo 32. Mkiziuza kwa shilingi 5,000 kila kilo, mtapata shilingi 160,000. Toeni gharama: barafu shilingi 10,000, ndoana na chambo shilingi 14,000, chakula shilingi 16,000. Jumla ya gharama ni shilingi 40,000. Zinabaki shilingi 120,000.

Tuseme mmepatana kwamba kila mtu apate fungu moja, na kila mtumbwi upate nusu fungu. Watu 8 ni mafungu 8. Mitumbwi 4 ni mafungu 2. Jumla ni mafungu 10. Kila fungu ni shilingi 12,000. Mwenye mtumbwi anaongezewa shilingi 6,000. Hesabu imekwisha, na hakuna ugomvi.

Wenzetu wa mbali

Watu wa nchi nyingine pia wana mitumbwi yao. Wenyeji wa nchi za barafu kule Greenland, Kanada na Alaska walitengeneza mtumbwi mwembamba uitwao kayaki. Waliufunika juu kwa ngozi ya sili, wakaacha tundu la mtu mmoja kukaa. Kafi lake lina bapa pande zote mbili. Siku hizi kayaki nyingi ni za plastiki.

Katika jimbo la Louisiana, Marekani, Mto Mississippi unaingia baharini kwa mikono mingi kama Rufiji. Watu huenda huko kwa makundi na kayaki zao kuvua Jumamosi na Jumapili. Lakini vinamasi vyao vinapotea. Toka mwaka 1932 mpaka 2016 jimbo hilo lilipoteza kilomita za mraba 4,800 hivi za ardhi ya pwani. Zilijengwa kuta kando ya mto kuzuia mafuriko, na udongo wa mto haukufika tena vinamasini. Mifereji ilichimbwa kwa ajili ya mafuta, na maji ya chumvi yakaingia na kuua majani. Mahali ambapo babu alifunga mtumbwi, leo mjukuu anaona bahari tupu.

Ndugu msomaji, sisi mikoko yetu bado ipo. Samaki wa dago la mwaka ujao wako ndani ya mizizi ile sasa hivi, wadogo kama ncha ya kidole. Tuwaache wakue.

Zungumzeni darasani:

1. Leo maji yamejaa saa 10 jioni. Baada ya siku 3 yatajaa saa ngapi?

2. Watu 6 wenye mitumbwi 3 wanakwenda dago siku 3. Wachukue lita ngapi za maji?

3. Katika kijiji chenu, nani huachiwa majina ya watu wanaokwenda kuvua? Kama hakuna, mchagueni mtu huyo leo.