Kambare wa Chambo Atoke Bwawani

Mtu aweza kuniuliza: Je, samaki afugwe ili aliwe na samaki mwenzake? Nami namjibu, ndiyo. Tena naona kazi hii yatufaa sana sisi wenye mashamba ya makao yasiyo mbali na Ziwa Victoria, kama Muhoroni na Songhor.

Mvuvi wa mbuta hutega kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na katika kila ndoana hutia samaki mdogo aliye hai. Anayependwa kuliko wengine ni kambare mchanga. Yeye huweza kuvuta hewa ya juu, basi hafi upesi debeni wala ndoanani, na mbuta humfuata kwa sababu achezacheza. Ndoana mia zataka kambare mia, na safari ijayo mia wengine.

Hao hutoka wapi? Wengi huzolewa kinamasini kwa vyandarua. Mvua kubwa zinaponyesha, kambare wazima hupanda mito na kutaga penye majani yaliyofunikwa na maji. Watoto wao wakizolewa hapo kila msimu, wa kukua watakuwa akina nani? Sisi wenyewe huwapa vijana ruhusa wapite shambani wakazoe, kwa senti chache, kisha twalalamika kwamba mto hauna kitoweo.

Wengine husema ni afadhali kumlisha kambare mpaka awe wa kuliwa. Sikatai, lakini huyo hukaa bwawani miezi sita au zaidi, na chakula chake ni ghali. Wa chambo huuzwa angali ana urefu wa kidole. Bwawa moja laweza kutumika mara kadhaa kwa mwaka.

Sisemi kwamba kazi ni rahisi. Kambare wachanga hulana wao kwa wao. Mimi mara ya kwanza nilitia vifaranga vyangu bwawani nikaenda zangu kupalilia miwa. Nilipotoa maji nilikuta wachache tu, wanene kama waliokaribishwa arusi. Sasa nawatenga kwa ukubwa kila wiki, wakubwa mbali na wadogo, na kuwalisha mara nyingi kidogo kidogo. Majani ya kando nimeyafyeka, maana vyura hujificha humo, na juu nimetandaza wavu wa kuzuia ndege.

Usijaribu kuwazalisha mwenyewe kabla ya kufundishwa. Kazi hiyo yataka sindano na dume wa kuchinjwa. Nunua vifaranga kwa mzalishaji aliyethibitishwa na Bwana Samaki wa eneo lako. Ndugu zetu wa Kinangop waiache habari hii, kwa kuwa maji yao ni baridi mno kwa kambare.

Na kabla hujashika jembe kuchimba bwawa, nenda ufukoni ukaonane na wavuvi. Waulize wataka samaki wa urefu gani, wangapi kwa juma, na nani atawachukua shambani. Kambare akipita kipimo cha ndoana, mvuvi hamtaki tena.